SOMO LA AFYA: Dawa ya Pumu ya Unga na Nguvu ya Pumzi Yako

Mgonjwa wa pumu aliyepewa dawa ya unga ya kuvuta huweza kurudi zahanati akilalamika: "Sisikii kitu kikitoka, kifaa hiki ni kibovu." Mwingine huvuta mara nne mfululizo. Mwingine hukitupa. Kabla hujatupa chako, soma jinsi dawa hii inavyopimwa maabara.

Pampu ya kubonyeza ina gesi inayosukuma dawa nje. Kifaa cha unga hakina gesi. Vingi hutegemea pumzi ya mgonjwa mwenyewe tu. Chembe za dawa zinazofaa kufika mapafuni ni ndogo mno, kama mikroni 1 hadi 5 (mikroni 1,000 ni milimita moja), na kwa udogo huo hushikana. Katika dawa nyingi hupakwa juu ya chembe kubwa za sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Pumzi ikiwa na nguvu, dawa hubanduka na kwenda mapafuni. Pumzi ikiwa legevu, mabonge hugonga koo na kumezwa.

Maabara hutumia mashine ya kufyonza hewa kupitia kifaa. Unga huingia katika chombo cha chuma chenye ngazi: chembe kubwa hukwama ngazi za juu, ndogo huteremka chini. Kila ngazi huoshwa na dawa iliyomo hupimwa. Kipimo cha kawaida hufyonza lita 4 za hewa kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ni nani anayevuta pumzi hivyo? Mtu huanza polepole, hufika kileleni, kisha hulegea. Mtoto hana lita 4 za kuvuta. Mashine nayo haiugui pumu.

Ndiyo sababu watafiti wakaanza kunakili pumzi za wagonjwa halisi. Kompyuta huendesha bomba la pistoni livute hewa kama alivyovuta mgonjwa yule, na unga hupitishwa katika koo la bandia lililofinyangwa kwa umbo la koo la binadamu. Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, kilibuni koo moja la namna hiyo ambalo hutumiwa na maabara nyingi. Dawa inayovuka koo ndiyo inayohesabiwa kuwa ingefika mapafuni. Vipimo hivi vimeonyesha jambo ambalo mashine ya mwendo mmoja huficha: katika vifaa vingi unga hutoka mapema, hivyo mwanzo wa pumzi una uzito mkubwa. Ukianza taratibu ukaongeza nguvu baadaye, umechelewa.

Hata kwa watu wenyewe tofauti imeonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulipima dawa ya budesonaidi katika kifaa cha Turbuhaler. Waliovuta kwa kasi ya karibu lita 60 kwa dakika walipata mapafuni kama sehemu 28 katika kila 100. Kwa kasi ya lita 36, sehemu 15 tu. Kifaa kilikuwa kile kile, na dawa ile ile!

Kwa hiyo, toa pumzi nje kwanza, mdomo ukiwa mbali na kifaa, maana mvuke wa mdomo hugandisha unga. Bana midomo, vuta kwa nguvu tangu mwanzo na kwa kina, kisha zuia pumzi hadi sekunde 10. Usimwige jirani mwenye pampu ya kubonyeza: yeye hutakiwa kuvuta taratibu. Usikioshe kifaa kwa maji, na wakati wa masika kihifadhi kimefunikwa, mbali na turubai linalovuja.

Watoto wa chini ya miaka 5 kwa kawaida hupewa pampu ya kubonyeza pamoja na chupa ya kuvutia. Mgonjwa aliyebanwa hata hawezi kumaliza sentensi apelekwe zahanati mara moja, usiku au mchana. Siku ya kawaida ya kliniki, njoo na kifaa chako umwonyeshe muuguzi unavyovuta.