Kufundisha Thamani ya Utafiti wa Msingi

Mwanafunzi akisikia kwamba serikali hutumia fedha za umma kuchunguza vijidudu vya chemchemi, hana budi kuuliza: "Vina faida gani?" Swali hilo ni la haki, na mwalimu asilizime. Lakini jibu lake halifundishwi kwa mahubiri. Hufundishwa kwa mfano halisi.

Shabaha: Mwisho wa somo, mwanafunzi wa Darasa la Sita aweze kutofautisha utafiti wa msingi, unaotafuta maarifa tu, na utafiti wa matumizi, unaotafuta ufumbuzi wa tatizo maalumu, tena aeleze kwa nini ule wa kwanza hutegemea sana hazina ya umma.

Hatua ya kwanza: Kipe kila kikundi kokoto 20 ziwe bajeti ya taifa. Andika ubaoni: zahanati, barabara, dawa ya wadudu wa mahindi, viumbe vya chemchemi ya moto. Kila kikundi kigawe kokoto na kutoa sababu. Usisahihishe.

Hatua ya pili: Simulia kisa hiki. Katika miaka ya 1960, Thomas Brock wa Marekani alichunguza chemchemi za moto za Yellowstone kwa fedha za Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyo. Alitaka kujua tu ni viumbe gani huishi humo. Mwaka 1966, yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata bakteria wanaostawi kwenye joto la nyuzi 70 za Sentigredi. Mwaka 1983, Kary Mullis, aliyefanya kazi katika kampuni binafsi, alibuni njia ya kunakili vinasaba mara nyingi. Njia hiyo ilihitaji joto kali lililoharibu kimeng'enya kilichotumika, hata ikabidi kukiongeza kila mzunguko. Kimeng'enya cha bakteria wale wa Yellowstone kilistahimili joto hilo. Mullis alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na mwaka 2020 njia hiyo ilitumika duniani kote kupima UVIKO-19.

Hatua ya tatu: Uliza: Mwaka 1966, mfanyabiashara gani angetoa fedha zake, ilhali faida haikujulikana wala mwenye kuipata hakujulikana? Waongoze waone kwamba umma ulibeba gharama za mwanzo, na kampuni ikajenga juu ya msingi huo.

Hatua ya nne: Vikundi vigawe kokoto upya na kueleza kilichobadilika.

Tahadhari: Usifundishe kwamba kila utafiti huleta faida, mwingi hauleti matumizi yoyote. Kwa kuwa hakuna awezaye kutabiri upi utaleta, hasara yake hubebwa na wengi. Aidha, mwanafunzi akishikilia kwamba mgonjwa wa leo hawezi kungoja miaka 20, hajakosea. Hoja yake inazikabili nchi zetu pia. Wanachama wa Umoja wa Afrika walikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi hazijafikia kiwango hicho.

Upimaji: Mwanafunzi aandike aya moja akitetea mgawo wake, na nyingine akieleza hoja ya asiyekubaliana naye. Pima uzito wa sababu, si idadi ya kokoto.