Kwa Nini Maji Huvimba Yakiganda

Wasomaji wetu waliokwisha kuweka samli au mafuta ya nazi chupani wakati wa baridi wameona ya kuwa yakiganda hupungua, hata uso wake hubonyea katikati. Ndiyo desturi ya vitu karibu vyote: vikipata moto hutanuka, na vikipoa hunywea. Lakini maji yana desturi yake peke yake. Chupa ya kioo ikijazwa maji mpaka mdomoni, ikazibwa na kutiwa katika jokofu la kugandishia, asubuhi huonekana imepasuka. Ni nani aliyeipasua? Si mwingine ila maji yenyewe, maana yamevimba. Leo twataka kueleza sababu yake.

Maji yamefanyizwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo molekuli. Kila molekuli ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, nayo huvutana na jirani zake. Maji yakiwa hayajaganda, molekuli hizo hazitulii: hushikana, huachana, hushikana na nyingine, zikisongamana kama watu sokoni. Maji yakipoa, mwendo wake hupungua nazo hukaribiana, hata yakifika digrii 4 za Selsiasi hubanana kuliko wakati wowote. Yakizidi kupoa, huanza kutanuka tena. Na kwenye digrii 0 huganda.

Hapo kila molekuli hushikana na jirani wanne, kwa mpango wa pembe sita sita mfano wa sega la nyuki, na katikati hubaki nafasi tupu. Watu mia waliosongamana huenea katika chumba kidogo. Lakini waambie washikane mikono huku wameinyosha, watataka uwanja mkubwa zaidi, ijapokuwa hesabu yao ni ile ile. Vivyo hivyo chupa 11 za maji hugeuka barafu ya kujaza chupa 12. Uzito hauongezeki hata kidogo. Kwa hiyo barafu huelea juu ya maji, lakini donge la samli huzama katika samli iliyoyeyuka.

Nguvu ya uvimbe huo ni kubwa. Katika miaka 1784 na 1785, huko Quebec katika nchi ya Kanada, Meja Edward Williams alijaza maji katika makombora matupu ya chuma, akayaziba na kuyaacha nje katika baridi kali. Maji yalipoganda, kizibo kimoja kilirushwa zaidi ya futi 400; na pale kizibo kilipokaza, chuma chenyewe kilipasuka.

Katika nchi yetu kazi hiyo yaonekana juu ya Kilimanjaro. Mchana maji huingia katika nyufa za miamba, usiku huganda na kuzipanua. Na hiyo ni mojawapo ya sababu za mawe kumeguka na kuporomoka.

Lakini desturi hiyo ina faida kubwa pia. Katika nchi za baridi, ziwa huganda juu tu. Barafu huelea kama kifuniko, na chini yake maji ya digrii 4, yaliyo mazito kuliko mengine, hukaa kilindini, na samaki huishi humo mpaka baridi ipite. Kama barafu ingezama, maziwa mengi yangejaa barafu toka chini, na samaki wangekufa.

Basi, yafaa kila mtu aangalie mambo haya. Usigandishe maji katika chupa ya kioo. Na katika chombo cha plastiki acha nafasi zaidi ya sehemu moja katika kumi. Wenzetu wa nyanda za juu, kama Njombe na Kitulo, ambako sakitu huanguka katika miezi ya Juni na Julai, wasiache maji katika pampu na mabomba yaliyo wazi usiku, wayamwage jioni. Kumwaga maji ni kazi ya dakika chache. Lakini pampu iliyopasuka haizibiki kwa urahisi, na shamba lingojalo maji halina subira.