SOMO KWA WAZAZI NA WAALIMU: MTOTO ANAYECHEKWA SHULENI
Kusoma: Mwanzo 37:4-28, Mathayo 18:1-10



Mwaka 2004 mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya Rais. Mwezi wa saba udongo uliporomoka na kuua wachimbaji. Mwezi wa nane kijiji kilibomolewa, jamaa zikatawanyika. Hata leo kazi ya kuchimba mawe huchelewesha watoto kusoma. Tangu mwaka 2019, shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa bure, wengi wamerudi, mkubwa akikaa benchi moja na wadogo. Anachekwa, anaitwa mjinga, mwisho anakimbia tena.

Wivu ulikuwa nyumbani mwa Yakobo, lakini alimtuma Yusufu peke yake kwa ndugu zake. Sisi tusifanye vile.

1. Mzazi, umwulize mtoto kwa upole. Usimwambie, "Nenda ukawapige."
2. Mfuate mwalimu pamoja naye. Mwalimu amkalishe na mwenzake mwema, ampe kazi ya heshima darasani.
3. Anayecheka aonywe kando, bila fimbo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto, na yeye pia.
4. Jambo likiendelea, lipelekwe kwa mkuu wa shule na komite ya wazazi.

Maswali: Ni nani alimsaidia Yusufu kati ya ndugu zake? Msaada wake ulipungukiwa nini? Na kama mwenye kucheka ni mtoto wetu wenyewe, tutafanya nini?