Kabla ya Safari ya IVF: Mambo Yanayoamua Kama Mimba Itashika

Kutoka Ganda hadi Malindi mjini ni mwendo wa bodaboda tu. Anayetafuta mtoto kwa IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kiinitete kupandikizwa kizazini, husafiri mbali zaidi, mara nyingi hadi Nairobi, na awamu moja hula laki kadhaa. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2006, miaka 28 baada ya Louise Brown kuzaliwa Uingereza. Huduma ipo, ila sehemu kubwa ya matokeo hutegemea hali mnayokwenda nayo.

Umri wa mke. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 35, kama kiinitete kimoja katika kila vitatu vinavyopandikizwa huleta mtoto. Akishafika 43, kwa mayai yake mwenyewe, ni kama kimoja katika 20. Sindano za IVF hukomaza mayai mengi kwa mpigo, lakini haziyarudishii ujana. Mkikaa mwaka mmoja bila kinga na mimba haijashika, nendeni mkapimwe. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi 6.

Mirija na kizazi. Klamidia, kisonono na maambukizi ya baada ya kujifungua au mimba kuharibika huweza kuziba mirija. IVF haihitaji mirija, lakini mrija uliovimba na kujaa maji huyamwaga kizazini na kupunguza uwezekano wa kufaulu kwa karibu nusu. Madaktari hushauri ufungwe au utolewe kwanza. Uvimbe wa fibroidi uliojitokeza ndani ya kizazi nao hushughulikiwa mapema.

Mume. Mke huitwa tasa mtaani wakati mume hajapimwa hata mara moja. Kipimo cha manii si upasuaji: ni kutoa sampuli kwenye kikombe safi, baada ya siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa. Mbegu huchukua karibu miezi 3 kukomaa, kwa hiyo sigara na mnazi wa kila jioni viachwe mapema, si wiki ya safari. Mbegu zikiwa chache sana, mtaalamu huweza kudunga moja ndani ya yai.

Mwili wa mke. Sigara na unene uliopita kiasi hupunguza matumaini. Sukari, presha na tezi ya shingo zidhibitiwe kwanza.

Ulizeni kituoni:
- Wanawake wa umri wangu wangapi hujifungua hapa, si kupata mimba tu?
- Mtapandikiza viinitete vingapi? Mapacha huongeza hatari ya kuzaa njiti.
- Bei inajumuisha dawa na kuhifadhi viinitete vinavyobaki?

Wengi hawafanikiwi awamu ya kwanza, basi msiuze shamba lote kwa jaribio moja. Anzeni na vipimo vinavyopatikana Malindi au Kilifi, nyote wawili, na mbebe majibu yote mkienda kumwona mtaalamu.