Lori likibambuka rangi, linda mapafu kwanza

IWAPO una lori lililotumika miaka mingi, huenda umeona paa na boneti vikipauka, kisha maganda meupe yakibambuka kama ngozi iliyochomwa na jua. Hiyo ni klia, lile tabaka angavu linalopulizwa juu ya rangi ili kuikinga na kuing'arisha. Miale ya jua huidhoofisha mwaka baada ya mwaka. Ikishabambuka, polishi haisaidii. Sharti ipigwe msasa hadi pale inaposhika imara, rangi irudiwe, ndipo klia mpya ipulizwe.

Wengi huifanya kazi hii uani, pua wazi. Hapo ndipo afya huingia hatarini.

Hatari ya kwanza ni vumbi. Rangi za magari ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hata yakiwa kidogo hudhuru ubongo wa mtoto. Tumia msasa wa maji badala ya ule mkavu. Watoto wasikaribie. Usifagie vumbi, lipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa. Vua nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani na unawe kabla ya kula.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Klia nyingi za magari huchanganywa na hadina yenye kemikali ziitwazo aisosayaneti. Ukungu wake huweza kumletea pumu mtu ambaye hajawahi kuugua. Mwili ukishaathirika hivyo, hata kiasi kidogo mno huzusha shambulio, na fundi huenda akalazimika kuiacha kazi yake.

Usitegemee pua kukuonya, kwani ukungu hudhuru kabla hujasikia harufu. Tena hubaki hewani dakika kadhaa baada ya kuacha kupuliza, ingawa hauonekani.

Dalili ni kifua kubana, kikohozi, na pumzi kutoa mlio kama wa filimbi. Mara nyingine huja usiku, saa nyingi baada ya kazi, na mgonjwa akadhani ni baridi tu. Ukiona zinapungua siku za mapumziko na kurudi ukirejea kazini, mwone daktari upesi na umweleze kazi unayofanya.

Je, ujikinge vipi? Leso au barakoa ya vumbi haizuii kemikali hii. Kinga inayofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, pamoja na miwani, glavu na nguo za mikono mirefu. Usinawe mikono kwa thina wala petroli, tumia sabuni na maji.

Kama huna vifaa hivyo, piga msasa wa maji mwenyewe, kisha umpelekee fundi aliye navyo apulize. Utalipa zaidi, lakini kinga ni bora kuliko tiba.