Gari Lililolala: Somo la Ufundi kwa Njia ya Kubashiri na Kutenda

Utangulizi

Mkufunzi yeyote wa stadi za kazi amekwisha kuliona jambo hili: mwanachuo anachora injini ubaoni bila kosa, anazitaja sehemu zake zote kwa majina, lakini akiwekwa mbele ya gari lisilowaka hajui aanzie wapi. Ujuzi wake umebaki daftarini. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi ya kichwa na kazi ya mikono zisitenganishwe shuleni. Dai hilo ni jepesi kulieleza katika mtihani, bali ni zito kulitekeleza darasani.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wenzetu somo moja tulilolifundisha, pamoja na kosa tulilolitenda wenyewe, kwa kuwa kosa lile lilitufunza zaidi ya andalio letu la somo.

Gari lenyewe na mpango wa kazi

Nyuma ya karakana ya chuo chetu lilikuwapo gari aina ya Land Rover la mwaka 1978, lenye injini ya petroli ya silinda nne. Lilikuwa limekaa miaka sita bila kuguswa. Majani yalikuwa yameota hadi kwenye magurudumu, na nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la kuingizia hewa. Uongozi ulikuwa umekwisha kuamua liuzwe kama chuma chakavu. Tuliomba tupewe muhula mmoja.

Tuliwagawa wanachuo 24 katika makundi manne: la umeme, la mafuta, la injini na la magurudumu. Kisha tukaweka kanuni moja: mtu asishike spana kabla kundi lake halijaandika majibu ya maswali matatu. Je, tunatazamia kukuta nini? Kwa sababu gani? Tutajuaje kuwa tumekosea?

Waliyobashiri na waliyoyakuta

Kundi la umeme liliandika kwamba betri haina chaji, na kwamba ikichajiwa itafanya kazi. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo, hata ikijaa hufikia volti 12.6 hivi. Betri yetu ilichajiwa mahali pa wazi, mbali na moto, kwa sababu wakati wa kuchajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Kipimo kilionyesha volti za kuridhisha, lakini stata ilipowashwa volti zilianguka papo hapo. Hapo wanachuo waligundua kwamba betri ikiachwa tupu kwa muda mrefu, sahani zake za risasi hufunikwa na fuwele ngumu za salfeti. Volti peke yake si ushahidi wa nguvu. Tuliazima betri nyingine.

Kundi la mafuta lilibashiri kwamba petroli yote ilikuwa imekauka. Walikuta imebaki kidogo, nzito, yenye harufu kama ya vanishi. Sehemu nyepesi za petroli huruka kwanza. Zinazobaki huungana na oksijeni ya hewa na kugeuka utomvu unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Tangi lilimwagwa nje, pasipo moto wala sigara, na kabureta ikafunguliwa ikasafishwa.

Kundi la injini lilijiamini kupita yote. Liliandika, "Chuma hakiozi." Walipoitia hendeli mbele ya injini, haikusogea hata kidogo. Vijana wanne wakajitolea kuilazimisha. Tuliwazuia, tukawauliza: ni nini kinachoishika? Baada ya kujadiliana walikubaliana kwamba huenda kutu nyembamba imezishika ringi za pistoni kwenye kuta za silinda, na kwamba nguvu ingevunja ringi pasipo kuondoa kutu. Waling'oa plagi, wakamimina oili kidogo katika kila silinda, wakasubiri. Siku ya tatu injini ilizunguka kwa mkono mmoja. Tuliwasisitizia kwamba anayezungusha hendeli asikizungushie kidole gumba, bali akiweke upande ule ule wa vidole vingine, maana injini ikipiga kinyume huweza kukivunja.

Baada ya hapo oili ya zamani ilimwagwa na mpya ikatiwa. Tuliizungusha injini kwa stata, plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili ikazimika, ili vyuma visisuguane vikavu siku ya kuwaka. Ncha za kukatia umeme ndani ya distribyuta zilikuwa na ukungu mweupe. Zilisuguliwa kwa msasa laini, nafasi yake ikapimwa kati ya milimita 0.35 na 0.40. Waya za plagi zilirudishwa kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2.

Siku gari lilipowaka

Gari liliwaka katika jaribio la tano. Moshi ulitoka, vigelegele vikapigwa, na walimu waliokuwa ofisini wakatoka kutazama. Wanachuo waliomba liendeshwe hadi uwanja wa gwaride. Sisi tuliketi kwenye usukani, tukakanyaga klachi na kuingiza gia ya kwanza.

Mwanachuo mmoja wa kundi la magurudumu, ambaye katika muhula mzima hakuwa amezungumza zaidi ya mara mbili, alisogea dirishani akasema, "Samahani, Mwalimu. Breki tulizigusa lini?"

Tulikanyaga breki. Kanyagio lilizama hadi sakafuni bila kupinga mguu. Mbele yetu njia inateremka kuelekea shule ya mazoezi, na wakati ule watoto walikuwa mapumzikoni. Tulizima injini, tukashuka. Kwa muda hapakuwa na mtu aliyesema neno.

Chanzo cha kosa

Jioni ile tulilisoma tena andalio letu. Breki zilikuwamo, lakini katika hatua ya nane, baada ya "kuwasha injini na kuliendesha gari polepole". Kundi la magurudumu tulilipa kazi ya kukagua tairi tu. Tulikuwa tumezipanga hatua kwa kufuata hamu yetu ya kusikia injini ikinguruma, si kwa kufuata hatari. Tena wanachuo walikuwa wametakiwa kubashiri juu ya kila kitu, ila juu ya mpango wa mwalimu.

Kesho yake tulikiri kosa mbele ya darasa na kulikabidhi andalio kwa wanachuo walisahihishe. Breki zilifunguliwa. Viatu vya breki vya magari ya miaka ile aghalabu vilikuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi halikupulizwa. Lililoweshwa maji na kufutwa kwa vitambaa vilivyotupwa ndani ya mfuko uliofungwa. Silinda mbili za magurudumu zilikuwa zimeshikwa na kutu, na mipira yake imekakamaa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa; unyevu huo huozesha chuma kwa ndani, na breki zikipata moto hugeuka mvuke, kanyagio likakosa nguvu. Kazi ya kubadilisha silinda, mipira na mafuta yote ilichukua wiki tatu, na fundi mzoefu aliitwa kuikagua kabla gari halijatembea.

Mfuatano uliosahihishwa

Huu ndio mfuatano walioupanga wanachuo, nasi tumeufuata tangu wakati huo:

1. Kuweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, na kulisimamisha gari juu ya vigingi imara, si juu ya jeki peke yake.
2. Breki, usukani na tairi. Tairi yenye nyufa ubavuni ibadilishwe, hata kama meno yake ni mapya.
3. Viota, panya na waya zilizotafunwa.
4. Petroli ya zamani, tangi, mipira na kabureta.
5. Kuizungusha injini kwa mkono, kubadilisha oili na kujaza maji ya rejeta.
6. Betri, distribyuta na plagi.
7. Kuwasha, mahali pa wazi tu, kwa sababu moshi wa eksozi una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Swali linalotangulia si "Je, litawaka?" bali "Je, litasimama?"

Hitimisho

Mwalimu asiye na gari bovu anaweza kutumia pampu ya maji, cherehani au baiskeli. Yafaa kwanza wanafunzi waandike wanachotazamia kabla ya kugusa, ili ukweli upate nafasi ya kuwasahihisha. Pili, hapana budi mpango wa mwalimu nao uwekwe mezani uulizwe maswali kama kifaa kingine chochote.

Gari lile sasa hubeba kuni za jikoni na wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha. Yule mwanachuo naye anafundisha. Kila tunapoandika andalio jipya, hujiuliza ni nani darasani ambaye bado hajazungumza, na tumempa nafasi gani ya kutuuliza.