Dondoo Muhimu: Bosi wa Kampuni Changa ya Korosho, Kitaya

Umefungua karakana ya kubangua korosho Kitaya, mkoani Mtwara? Basi msimu ndio bosi wako. Minada ya Mtwara kwa kawaida huanza Oktoba, na korosho ghafi hupitia chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwa korosho mwaka 2007. Kununua mlangoni kwa mkulima ni kangomba, na kangomba itakufikisha polisi. Fedha za malighafi ya mwaka mzima zitakutoka ndani ya wiki chache tu, kwa hiyo anza kuongea na benki tangu Julai.

Asubuhi, kabla ya simu na barua pepe, shika korosho. Pima unyevu; ukizidi asilimia 10, anika tena. Kisha pita kwa wabanguaji. Mafuta ya ganda huunguza ngozi: glavu iliyotoboka ibadilishwe papo hapo, usingoje bajeti. Kila zamu hesabu korosho nzima na vipande. Nzima ndizo zenye bei, na mashine iliyolegea hujionyesha kwenye vipande kabla fundi hajakwambia.

Mchana ni wa madeni na kodi. Mikutano? Mifupi, na iwe chini ya mkorosho. Jioni mpigie mnunuzi mmoja, hata kama leo huna mzigo.